Kulipia Chanjo Mapema Wakati wa Janga: Pesa Hununua Nini Hasa?

Mwishoni mwa Machi 2021, mkazi wa Nairobi aliyetaka kuchanjwa dhidi ya korona alikuwa na milango miwili mbele yake. Mlango wa kwanza ulikuwa wa serikali: chanjo ya AstraZeneca, dozi zaidi kidogo ya milioni moja zilizotua tarehe 3 Machi kupitia COVAX, mpango wa kimataifa wa kuzigawia nchi chanjo, ambazo zilitolewa bure lakini kwa zamu, kuanzia wahudumu wa afya, walimu na askari. Mlango wa pili ulikuwa wa kulipia: chanjo ya Sputnik V ya Urusi, iliyoletwa na kampuni binafsi na kutolewa katika baadhi ya hospitali binafsi kwa takriban shilingi 8,000 kwa dozi. Habari zilipoenea kwamba hata Naibu Rais wa wakati huo, William Ruto, alikuwa amechanjwa kwa Sputnik V, mjadala ulipamba moto. Kisha tarehe 2 Aprili Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, akaufunga mlango wa pili: uingizaji na utoaji wa chanjo za korona kupitia sekta binafsi ulipigwa marufuku, na serikali ikabaki kuwa mwagizaji pekee.

Uamuzi huo ulitolewa katikati ya wimbi la tatu la ugonjwa, wiki moja tu baada ya Rais Uhuru Kenyatta kuzifunga kaunti tano, yaani Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Nakuru. Kwa hiyo hasira zilikuwa nyingi na subira ilikuwa ndogo. Baadhi ya watu waliona kwamba matajiri walikuwa wakipendelewa, na wengine wakaona kwamba serikali inamzuia mtu kujiokoa kwa pesa yake mwenyewe ilhali haijamletea chanjo ya bure. Mabishano hayo hurudi kila ugonjwa mpya wa mlipuko unapotajwa kwenye habari, na kwa maoni yangu hayafiki mbali kwa sababu wanaobishana hutumia neno moja, “kulipia”, kwa mambo matatu yaliyo tofauti.

Malipo matatu katika sindano moja

Tuanze na siku za kawaida. Kulipia chanjo si jambo geni Afrika Mashariki. Msafiri anayehitaji kadi ya homa ya manjano hulipa, na mtu mzima anayetaka kinga ya homa ya ini hulipa pia, ilhali chanjo za watoto kliniki hutolewa bure. Hatulalamiki, kwa kuwa msafiri akichanjwa asubuhi, mtoto aliyeletwa kliniki mchana hapungukiwi kitu.

Janga la dunia hubadilisha hali hiyo. Kwa lugha nyepesi, janga la aina hii ni ugonjwa unaoenea katika nchi nyingi kwa wakati mmoja huku watu wengi wakiwa hawana kinga dhidi yake. Jambo la kuzingatia hapa ni maneno “kwa wakati mmoja”. Nchi zote huitaka dawa ileile katika miezi ileile, na viwanda vichache vinavyoitengeneza haviwezi kutosheleza mahitaji. Katika miezi hiyo anayelipa anaweza kuwa analipia huduma, yaani muuguzi, sindano, chumba safi na kutosimama juani. Anaweza kuwa analipia dawa yenyewe. Na anaweza kuwa analipia zamu, yaani haki ya kuchanjwa kabla ya mwenzake.

Mifano ya mwaka 2021 inaonyesha kwamba mambo hayo yanaweza kutenganishwa kabisa. India ilipofungua awamu ya pili ya chanjo tarehe 1 Machi, hospitali binafsi ziliruhusiwa kutoza kiasi kisichozidi rupia 250 kwa dozi, yaani 150 za chanjo na 100 za huduma. Hata hivyo, aliyelipa alipaswa kuwa na umri wa miaka 60 au zaidi, au miaka 45 na kuendelea akiwa na maradhi sugu, sawasawa na aliyekwenda hospitali ya serikali. Pesa ilimnunulia nafuu ya mahali, lakini haikumnunulia zamu. Kinyume chake kilitokea Kanada mwezi Januari, pale mkurugenzi mkuu wa kampuni ya kamari na mkewe walipokodi ndege hadi kijiji cha Beaver Creek katika eneo la Yukon, wakajifanya wafanyakazi wa hoteli ya hapo, wakadungwa chanjo iliyopelekwa kwa ajili ya jamii ya wenyeji asilia wanaoishi mbali na hospitali. Chanjo ile ilikuwa ya bure. Gharama yote ya safari ilinunua zamu peke yake, na udanganyifu huo uliwafikisha mahakamani.

Nairobi, zile shilingi 8,000 zilinunua vyote vitatu kwa pamoja, na ndiyo maana watu walishindwa kuelewana. Aliyetetea malipo alikuwa akifikiria dawa na huduma, na aliyeyapinga alikuwa akifikiria zamu. Mkanganyiko uliongezeka kwa kuwa baadhi ya hospitali binafsi zilikuwa pia vituo vya kutolea chanjo ya serikali bila malipo. Hivyo jengo lenyewe, la umma au la binafsi, halikuwa kiini cha tatizo.

Bomba la mtaa na boza la maji

Hoja nzito zaidi ya watetezi wa malipo ni hii: mwenye pesa akijinunulia dozi yake, anatoka kwenye foleni ya serikali na kumwachia nafasi asiye nacho. Hoja hiyo ina mantiki, lakini ukweli wake unategemea dozi hiyo imetoka wapi.

Fikiria mtaa wenye mgao wa maji. Bomba ni moja, ndoo zimepangwa mstari tangu alfajiri, na maji hutoka kwa saa mbili tu. Jirani mmoja akiagiza boza kutoka kisima cha mbali ambacho hakina uhusiano na bomba lile, ameongeza maji mtaani na kuondoa ndoo zake kwenye mstari, na hakuna wa kumlaumu. Jirani wa pili akimpa msimamizi wa bomba chochote ili ndoo zake zitangulie, hajaongeza hata tone. Amebadilisha tu nani atakosa maji leo. Wa tatu ndiye anayetatiza. Huyu naye ameagiza boza, lakini boza lake limejazwa kwenye tangi kuu lilelile linalolisha bomba la mtaa. Anaonekana kama wa kwanza, ilhali anachofanya kinakaribia zaidi kile cha wa pili, na mwenyewe anaweza asijue.

Chanjo za korona katika nusu ya kwanza ya 2021 zilikuwa zaidi maji ya tangi kuu. India ilipobana usafirishaji wa AstraZeneca iliyotengenezwa na Serum Institute, kampuni ya nchi hiyo, ili ihudumie watu wake kwanza, Kenya ililazimika kurefusha muda kati ya dozi ya kwanza na ya pili hadi wiki 12, na waliokuwa wakisubiri walilipa kwa siku zao za hofu. Katika hali kama hiyo, dozi yoyote ya AstraZeneca ambayo mfanyabiashara angeipata kwa mlango wa nyuma ingekuwa imetoka kwenye fungu la mtu mwingine mahali fulani.

Je, Sputnik V ilikuwa boza la kisima kingine? Kwa kiasi fulani, ndiyo, na hapa ni lazima tuwatendee haki walioilipia Nairobi. Chanjo hiyo haikuwa sehemu ya COVAX, na dozi takriban 75,000 zilizoingizwa nchini hazikumpunguzia muuguzi wa Kenya chochote. Lakini kisima hicho nacho hakikuwa kimejaa. Sputnik V hutolewa kwa dozi mbili zisizofanana: ya kwanza hubebwa na kirusi kiitwacho Ad26 na ya pili na kirusi kiitwacho Ad5, na zilipangwa kutolewa kwa kupishana siku 21. Uzalishaji wa dozi ya pili ulisuasua, kiasi kwamba kufikia Julai 2021 Argentina, iliyokuwa mteja wa serikali na wa muda mrefu, ilikuwa ikilalamika kwamba watu wake wanaisubiri bila kuiona. Dozi iliyouzwa kwa bei ya juu katika mji mmoja ilikuwa dozi ambayo serikali ya nchi nyingine ilikuwa ikiidai.

Kwa nini zamu haikupangwa kwa pesa

Kuna wanaodhani kwamba orodha ya vipaumbele ilikuwa heshima, kana kwamba wahudumu wa afya walitangulizwa kama shukrani. Shukrani ilikuwamo, lakini hesabu ndiyo iliyotawala. Hatari ya kufa kwa korona hupanda kwa kasi kadiri umri unavyoongezeka, kwa hiyo dozi moja kwa mzee wa miaka 75 ilikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuokoa uhai kuliko dozi ileile kwa kijana wa miaka 30 mwenye afya. Muuguzi naye akiugua, haugui peke yake. Wodi nzima hukosa mtu wa kuihudumia, na huenda yeye mwenyewe akawa amewaambukiza wagonjwa kabla dalili hazijaonekana. Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani lilizishauri nchi kuanza na wahudumu wa afya, wazee na wenye maradhi sugu, na Kenya ilipoona vifo vinavyozidi miongoni mwa wazee iliwaingiza wenye umri wa miaka 58 na zaidi mapema kuliko ilivyokuwa imepanga.

Soko hupanga foleni kwa kipimo kingine. Dozi mbili za Sputnik V kwa bei ya Nairobi zilikaribia shilingi 16,000, ilhali kima cha chini cha mshahara wa kibarua katika miji mikubwa ya Kenya kilikuwa chini kidogo ya shilingi 13,600 kwa mwezi. Bei hiyo haikumchuja mtu kwa hatari aliyokuwa nayo. Mara nyingi iliwapendelea wale ambao tayari waliweza kufanya kazi nyumbani na kusafiri kwa gari lao, ikamwacha kondakta wa matatu aliyekuwa akivuta hewa ya abiria kutwa nzima.

Dhana kwamba cha kulipia ni bora

Tumezoea kwamba kitu cha bei kubwa kina ubora wake, na hospitali zimetufundisha hivyo. Katika chanjo mazoea hayo hupotosha. Matokeo ya awali ya Sputnik V yaliyochapishwa Februari 2021 katika jarida la Lancet yalionyesha ufanisi wa asilimia 91.6, kiwango cha kuheshimika kabisa. Lakini chanjo hiyo haikuwa imeingizwa katika orodha ya dharura ya Shirika la Afya Duniani, nayo AstraZeneca ya bure ilikuwamo. Tofauti hiyo ilionekana kuwa ya makaratasi tu hadi Novemba 2021, Marekani ilipofungua mipaka yake kwa wageni waliochanjwa kwa chanjo zilizoidhinishwa ama na mamlaka yake ama na shirika hilo. Aliyelipa ili atangulie akajikuta na kadi isiyomfikisha New York, huku mwalimu aliyechanjwa bure kituo cha afya akiwa na kadi inayokubalika.

Hapa inafaa kufafanua neno ambalo lilitumika ovyo. Idhini ya matumizi ya dharura ni ruhusa ya muda inayotolewa wakati faida zinaonekana kuzidi hatari ingawa utafiti haujakamilika. Si sawa na usajili wa kudumu wa dawa. Kwa sababu ya upya huo, watengenezaji wakubwa walidai kinga ya kisheria dhidi ya madai ya fidia, na mwenye uwezo wa kutoa kinga hiyo ni serikali, kwa sababu duka la dawa halina sheria wala hazina. Hiyo ni sababu mojawapo ya kampuni kama Pfizer na Moderna kuuzia serikali na mipango ya kimataifa tu katika kipindi hicho. Aliyesema “niletewe Pfizer nitalipa” alikuwa akiomba kitu ambacho hata mwagizaji mwaminifu hakuweza kukipata.

Palipo na uhaba wa bidhaa halali, mwagizaji asiye mwaminifu hachelewi kufika. Uganda ilijifunza hilo kwa uchungu katikati ya 2021, ilipobainika kwamba watu wasiopungua 800 walikuwa wamelipa na kudungwa chanjo bandia. Vichupa vingine vilikuwa na maji tu. Chanjo ya serikali ilikuwa ya bure, ila haraka iliwafanya watoe pesa. Kagwe alipotangaza marufuku ya Kenya miezi michache kabla ya hapo, aliitaja hatari ya bidhaa bandia pamoja na ukosefu wa uwazi katika uagizaji.

Bei yenyewe nayo ilikuwa na fumbo lake. Mfuko wa serikali ya Urusi uliosimamia mauzo ya Sputnik V ulitangaza bei isiyofika dola 10 kwa dozi, lakini dozi hiyohiyo Nairobi ilizidi dola 70. Ghana, iliyonunua kama serikali kupitia madalali, ilikubali dola 19 kwa dozi, na jambo hilo likazua uchunguzi bungeni. Pakistan iliruhusu kampuni binafsi kuingiza Sputnik V, kisha serikali ikapanga bei ya juu ya rupia 8,449 kwa dozi mbili, mwagizaji akaenda mahakamani, na hatimaye vijana wa Karachi wakapanga foleni Aprili 2021 kuinunua kwa zaidi ya kiwango hicho. Foleni, nadhani, ni neno la kuangaliwa hapo: hata mlango wa kulipia ulikuwa na mstari wake.

Je, hakuna namna ya kulipia isiyoumiza?

Zipo nchi zilizojaribu, na majaribio hayo yanafundisha kuliko kelele za pande zote mbili. Mei 2021 Indonesia ilianzisha mpango ulioitwa Gotong Royong, maneno yanayokaribiana na maana ya harambee au msaragambo. Chini ya mpango huo kampuni zilinunua chanjo kwa ajili ya wafanyakazi na familia zao, mfanyakazi hakukatwa hata senti, na chanjo iliyotumika, Sinopharm, ilitengwa na zile za mpango wa bure. Kwa mfano wetu wa mtaa, ni mwenye kiwanda aliyeagiza boza na kugawa maji kwa vibarua wake. Mpango huo ulivumiliwa. Lakini Julai, kampuni ya serikali ya dawa ilipotaka kumuuzia chanjo mtu mmojammoja kwa karibu rupia 880,000 za nchi hiyo kwa dozi mbili, umma ulighadhibika, na tarehe 16 mwezi huo Rais Joko Widodo akaufuta mpango wa kuwauzia watu binafsi. Dawa ilikuwa ileile, nchi ileile. Kilichobadilika ni nani anayelipa na nani anayechaguliwa.

India nayo ilijaribu njia ya kugawana. Kuanzia tarehe 21 Juni, serikali kuu ilichukua asilimia 75 ya uzalishaji wa ndani na kuigawa bure, na hospitali binafsi zikaruhusiwa kununua asilimia 25 kwa bei elekezi: rupia 780 kwa Covishield (AstraZeneca iliyotengenezwa India), 1,145 kwa Sputnik V na 1,410 kwa Covaxin, chanjo iliyobuniwa India. Kwenye karatasi lilikuwa wazo la busara, ila hospitali zenye uwezo wa kuagiza zilikuwa zaidi katika miji mikubwa, na sehemu ya mgao huo haikutumika ilhali wilaya za vijijini zilikuwa zikisubiri. Fungu lililotengwa kwa wenye pesa linaweza kulala kwenye jokofu kwa kukosa wateja, na dozi ambayo haikudungwa haimsaidii tajiri wala maskini.

Sisemi kwamba marufuku ya Kenya ilitekelezwa vizuri. Bodi ya Dawa na Sumu ya nchi hiyohiyo ndiyo iliyoipa Sputnik V idhini ya dharura mwezi huohuo wa Machi, na waliodungwa dozi ya kwanza mwishoni mwa mwezi walikuwa bado hawajafikia siku ya dozi ya pili mlango ulipofungwa. Serikali iliyoufungua mlango huo ilikuwa na wajibu wa kufikiria kwanza utafungwaje. Ingeweza kuruhusu uagizaji kwa masharti ya mapema, kwa mfano kwamba kila kampuni ilete dozi ya pili pamoja na ya kwanza na kwamba anayelipa awe ndani ya orodha ya vipaumbele, kama India ilivyofanya mwezi Machi. Tanzania haikupitia mvutano huo, kwa kuwa chanjo zake za kwanza, dozi 1,058,400 za Janssen kutoka Marekani kupitia COVAX, zilifika tarehe 24 Julai zikiwa za bure, na siku nne baadaye Rais Samia Suluhu Hassan akachanjwa hadharani. Huko swali lililotawala lilikuwa iwapo watu watakubali kuchanjwa.

Uhaba ukiisha, swali la zamu huisha nalo. Uingereza haikuruhusu chanjo ya korona iuzwe wakati wa miezi ya dhiki, lakini mwaka 2024 maduka ya dawa huko yalianza kuiuza, baadhi yao kwa karibu pauni 100 kwa dozi, na mjadala uliobaki ni wa bei. Anayelipa sasa hamtangulii mtu yeyote.

Mambo hayakuwa hivyo katika mlipuko wa mpox (ugonjwa uliokuwa ukiitwa ndui ya nyani) uliotangazwa kuwa dharura ya afya ya kimataifa tarehe 14 Agosti 2024. Karibu dozi 100,000 za kwanza zilitua Kinshasa tarehe 5 Septemba, katika nchi yenye watu zaidi ya milioni 100, na zilipoanza kutolewa Goma mwezi uliofuata, zamu ilipangwa kwa ukaribu na ugonjwa: wahudumu wa afya na watu waliogusana na wagonjwa. Kila mtu alihitaji dozi mbili, na UNICEF, iliyonunua kwa wingi, ilikubaliana na mtengenezaji bei ya hadi dola 65 kwa dozi. Mtu wa Kampala au Bujumbura ambaye angekuwa tayari kulipa mara mbili ya bei hiyo ili apate yake wiki ileile angekuwa ameagiza boza, lakini tangi lilikuwa moja, na muuguzi wa Goma alikuwa tayari amepanga ndoo yake mbele ya bomba.